Harufu, Sura na Damu: Historia Fupi ya Fikra na Maneno Kuhusu Mvuto wa Wachumba

UTANGULIZI

Neno "kupatana" ni miongoni mwa maneno tunayoyatumia sana tunapozungumzia ndoa. Wazee husema kwamba wachumba fulani wamepatana, au kwamba damu zao hazipatani. Daktari naye hulitumia neno hilo hilo anapomweleza mama mjamzito habari za kundi la damu yake na la mtoto aliye tumboni, na hulitumia tena anapoeleza kama figo ya ndugu itakubaliwa na mwili wa mgonjwa. Katika miaka ya karibuni neno hili limekaribia kubebeshwa mzigo mwingine. Wataalamu wa elimu ya viumbe wameuliza kama binadamu, mfano wa panya, huvutiwa na harufu ya mtu ambaye jeni zake za aina fulani hazifanani na zake mwenyewe. Mtu anayetaka kuzieleza habari hizo kwa Kiswahili hushawishika mara moja kusema kwamba watu hao "wanapatana."

Katika makala haya tunakusudia kufanya mambo mawili. Kwanza, tutaeleza kwa ufupi historia ya fikra kuhusu harufu, kufanana kwa jamaa na mvuto baina ya wachumba. Pili, tutayachunguza maneno ambayo Kiswahili kinayo, na yale ambayo hatuna budi kuyaunda, ili mambo haya yaweze kuelezwa darasani na hospitalini pasipo kupotosha. Hoja yetu ni moja: istilahi itaje kile kilichoonekana, wala isitangulie kutoa hukumu. Palipo na ndoa, uzazi na maradhi, neno linalohukumu kabla ya ushahidi laweza kuwatenganisha watu wasiostahili kutenganishwa, na laweza pia kuwatuliza watu waliostahili kwenda kupimwa.

MANENO YA HARUFU TULIYO NAYO

Kiswahili si maskini wa maneno ya harufu. Msingi wake ni kitenzi "kunuka", na tofauti yake na "kunukia" ni jambo la kupendeza katika sarufi yetu. Kwa kawaida kauli ya kutendea huongeza maana ya kufanya jambo kwa ajili ya mtu au mahali fulani. Hapa kauli hiyo imegeuza thamani ya neno zima: kitu kinachonuka kinachukiza, na kitu kinachonukia kinapendeza. Katika mzizi huo huo tumepata "manukato."

Ukitazama majina ya harufu, utaona yamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la vitu vizuri: udi, ubani, marashi, liwa, mrehani, asumini, kilua, na kikuba ambacho wanawake wa pwani hukitunga kwa maua na majani yanukiayo. Kundi la pili ni la harufu mbaya: shombo la samaki, uvundo wa kitu kilichooza, kikwapa, na kutuzi, yaani harufu kali ya jasho. Karibu kila neno la kundi la kwanza hutaja kitu kinachotiwa mwilini au nguoni kutoka nje. Bibi harusi wa pwani husingwa, hupakwa liwa na hufukizwa udi kwenye chetezo kabla ya kukutana na mumewe. Maneno yanayotaja harufu itokayo mwilini mwenyewe, aghalabu ni ya kulaumu.

Kwa hiyo pana pengo. Hatuna neno moja lililozoeleka litajalo harufu ya mtu mwenyewe, asiyejipaka kitu, pasipo kumsifu wala kumtukana. Hata neno "harufu" lenyewe halikusalimika, maana katika mazungumzo ya mtaani, ukisema kwamba mtu "ana harufu" umekwisha kumshutumu. Pengo hili halikutuletea taabu huko nyuma, kwa kuwa hakuna aliyehitaji kuizungumzia harufu hiyo isipokuwa kwa kuilalamikia. Leo ndiyo kiini cha utafiti tunaoueleza.

Kuna jambo jingine ambalo lugha yetu imelipambanua vizuri. Mswahili "husikia" harufu, na vilevile "hunusa." Kusikia harufu humjia mtu bila kukusudia, ilhali kunusa ni tendo la hiari. Tofauti hii tutaihitaji hapo mbele, kwani majaribio mengi ya wataalamu yamewataka watu wanuse, na maisha ya kila siku huwafanya wasikie tu.

MANENO YA UNDUGU NA KUFANANA

Katika habari za undugu neno linalotawala ni "damu." Tunasema ndugu wa damu, damu moja, damu yangu. Pamoja nalo tuna "tumbo moja", "ukoo" na "mlango." Pwani, kwa kufuata sheria ya Kiislamu, mtu anaruhusiwa kuoana na binamu yake, na jamaa asioweza kuoana nao huitwa maharimu. Katika makabila mengi ya bara, kinyume chake, kuoa ndani ya ukoo ni mwiko, hata kama undugu wenyewe ni wa mbali. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo imeorodhesha jamaa wasioruhusiwa kuoana.

Hata hivyo, lugha yetu ina msemo mmoja ambao hautegemei damu hata kidogo, nao ni "ndugu wa kunyonya." Watoto wawili wasio na uhusiano wowote wa uzazi, wakinyonyeshwa na mwanamke mmoja kwa masharti yajulikanayo katika sheria ya Kiislamu, huwa ndugu, na ndoa baina yao huwa haramu. Msomaji aukumbuke msemo huu, kwani tutaona kwamba wataalamu wa karne ya 20 walikuja kukutana na swali linalofanana nao kwa njia nyingine kabisa.

Kuhusu kufanana kwa sura tunayo maneno kufanana, kushabihiana na kulandana, na tunasema kwamba watu wawili ni kama shilingi kwa ya pili. Maneno haya ni mazuri kwa sababu hayasemi chochote juu ya chanzo cha kufanana huko. Yanataja kilichoonwa na macho, basi.

FIKRA ZA WESTERMARCK NA WAPINZANI WAKE

Mwaka 1891 mtaalamu wa Kifini, Edvard Westermarck, alitoa kitabu kikubwa juu ya historia ya ndoa ya binadamu. Humo alieleza kwamba watu waliolelewa pamoja kwa ukaribu tangu utotoni hawavutiwi kimapenzi wao kwa wao. Kwa maoni yake, chanzo cha kutovutiwa huko ni kuishi pamoja katika miaka ya mwanzo. Kwa kuwa wanaolelewa pamoja mara nyingi ni ndugu, matokeo yake ni kwamba ndugu hawaoani.

Fikra hiyo ilipingwa vikali. James Frazer, katika kitabu chake cha 1910, aliuliza: kama maumbile yenyewe yanawazuia watu, kwa nini basi pawepo sheria ya kuwakataza? Sigmund Freud alikubaliana na pingamizi hilo mwaka 1913, naye akashikilia kwamba tamaa baina ya jamaa ipo tangu utotoni, na kwamba mwiko umewekwa ili kuikandamiza. Kwa miongo kadhaa maoni ya Freud ndiyo yaliyotawala, na ya Westermarck yakasahauliwa na wengi.

Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1960 na 1970. Mtaalamu Joseph Shepher alichunguza vijana wa vijiji vya ushirika vya Israeli, viitwavyo kibutsi, ambako watoto wasio ndugu walilelewa pamoja katika nyumba za watoto. Katika matokeo aliyoyatangaza mwaka 1971, aliangalia ndoa 2,769 za watu waliokulia huko. Hakuona hata ndoa moja ya watu waliokaa katika kundi moja mfululizo kwa miaka yao 6 ya kwanza. Hakuna aliyewakataza kuoana, na wazee wengine hata wangefurahi. Naye Arthur Wolf, aliyepekua daftari za nyumba huko Taiwan, alichunguza desturi ya zamani ya kumchukua mtoto mchanga wa kike na kumlea nyumbani ili aje aolewe na mtoto wa kiume wa nyumba hiyo. Aliona kwamba ndoa hizo zilivunjika zaidi na kuzaa watoto wachache kuliko ndoa za watu waliokutana ukubwani.

Hapo ndipo lugha yetu inapoweza kusema neno. Watoto wa kibutsi na wa Taiwan hawakuwa wa damu moja, walikuwa wa malezi mamoja. Hatusemi kwamba sheria ya ndugu wa kunyonya iliwekwa kwa sababu hizo, kwani sheria ya dini ina misingi yake. Tunasema tu kwamba Kiswahili kilikwisha zoea wazo kwamba undugu unaozuia ndoa waweza kutokana na kitu kisichokuwa uzazi. Mtu akitafsiri fikra ya Westermarck kwa kusema "damu hujitambua", atakuwa amemsemesha kinyume cha maneno yake.

PANYA NA FULANA

Westermarck hakueleza ni kwa njia gani mwili humtambua aliyelelewa nao. Jibu moja lililopendekezwa ni harufu. Mwaka 1959 Peter Karlson na Martin Lüscher waliunda neno "feromoni" kwa kuunganisha maneno ya Kiyunani yenye maana ya kubeba na kuamsha. Walikusudia kemikali ambayo mnyama huitoa na ambayo humfanya mnyama mwenziwe wa jinsi moja atende jambo maalumu. Mwaka huo huo Adolf Butenandt na wenzake walitangaza kwamba wameitenga kemikali imvutayo nondo dume wa hariri kwa jike lake, kazi iliyohitaji nondo wapatao 500,000. Kwa nondo, basi, jambo limethibitika. Kwa binadamu, hadi leo hakuna kemikali iliyothibitishwa kuwa feromoni ya mapenzi, ingawa chupa zenye jina hilo huuzwa kwa bei kubwa.

Mwaka 1974 daktari Lewis Thomas alitoa wazo kwamba jeni zinazoufanya mwili utambue tishu za kigeni huenda ndizo pia zinazompa kila mtu harufu yake. Mwaka 1976, huko New York, Kunio Yamazaki na wenzake walionyesha kwamba panya madume wa maabara, wakipewa majike wawili waliotofautiana katika jeni hizo tu, aghalabu waliwaelekea wale ambao jeni zao hazikufanana na za madume wenyewe. Kisha mwaka 1988 kundi hilo likatoa matokeo ambayo kwetu ni muhimu zaidi. Panya madume walioondolewa kwa wazazi wao wakiwa wachanga, wakalelewa na wazazi wenye jeni za aina nyingine, waligeuza uchaguzi wao: waliikwepa harufu ya walezi, si ya wazazi. Hata kwa panya, basi, pua hufundishwa na malezi.

Kwa binadamu, Richard Porter na John Moore walionyesha mwaka 1981 kwamba ndugu wanaweza kuzitambua fulana zilizovaliwa na ndugu zao kwa kuzinusa. Lakini uchunguzi ulioleta gumzo kubwa ni ule wa Claus Wedekind na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, uliotangazwa mwaka 1995. Wanaume 44 walivaa fulana za pamba kwa usiku 2, wakiwa wameepuka manukato na sabuni za kunukia. Wanawake 49 wakapewa wazinuse na kuzipima kwa kupendeza. Kwa jumla, waliziona nzuri zaidi harufu za wanaume ambao jeni zao hazikufanana na za wanawake wenyewe. Wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kuzuia mimba walionyesha kinyume chake.

Tangu hapo habari hazikukaa upande mmoja. Mwaka 1997 Carole Ober na wenzake walichunguza wenzi 411 wa jamii ya Wahutterite huko Marekani, watu ambao kwa vizazi vingi wameoana wenyewe kwa wenyewe, wakaona kwamba waliofanana katika jeni hizo walikuwa wachache kuliko ilivyotazamiwa. Mwaka huo huo Philip Hedrick na Francis Black walichunguza wenzi 194 wa makabila ya wenyeji wa Amerika ya Kusini, wala hawakuona dalili yoyote ya uchaguzi huo. Mwaka 2008 uchunguzi mmoja ulidai kuwa dalili hiyo imeonekana kwa Wamarekani wenye asili ya Ulaya, lakini haikuonekana kwa Wayoruba wa Nigeria, na mwaka 2010 wataalamu wengine wakaonyesha kwamba hata ile ya kwanza si imara. Jan Havlíček na wenzake walipozikusanya tafiti nyingi mwaka 2020 na kuzipima kwa pamoja, hawakuona athari iliyo dhahiri kwa jumla.

Kwa hiyo, kwa binadamu jambo hili halijathibitika. Hapa pia ndipo tofauti yetu ya kunusa na kusikia inapofaa. Kunusa fulana ndani ya kisanduku ni tendo moja, na kusikia harufu ya mtu aliyejipaka marashi, anayezungumza, anayetazama na mwenye jamaa zake, ni jambo jingine. Anayesema kwamba binadamu huchagua wachumba kwa pua amerukia mbali kuliko ushahidi.

SURA INAYOFANANA

Katika habari za sura mambo yana pande mbili. Upande mmoja, wenzi hufanana kuliko watu waliokutanishwa kwa bahati. Karl Pearson na Alice Lee walilionyesha jambo hili katika vimo vya mume na mke mapema mwaka 1903. Watu husema kwamba mume na mke hufanana kwa kuishi pamoja miaka mingi, lakini uchunguzi wa mwaka 2020 uliotumia picha za wenzi 517 ulionyesha kwamba walikuwa wamefanana tangu mwanzo, wala hawakuzidi kufanana baadaye.

Upande wa pili, kufanana kuna mpaka. Lisa DeBruine alionyesha mwaka 2005 kwamba mtu akionyeshwa sura ya jinsia ya pili iliyotengenezwa ifanane na yake mwenyewe, huiona ya kuaminika zaidi, lakini hupungukiwa na hamu ya kuwa na uhusiano mfupi wa kimapenzi na mwenye sura hiyo. Sura ya ndugu, yaani, huleta imani kuliko ashiki. Patrick Bateson naye aliona mwaka 1982 kwamba kware wa Kijapani walipendelea kukaa karibu na binamu zao wa kwanza kuliko ndugu wa tumbo moja na kuliko wageni kabisa.

Malezi nayo yamejitokeza hapa pia. Tamás Bereczkei na wenzake, huko Hungaria, waliwachunguza wanawake waliolelewa na baba wasiowazaa. Katika matokeo ya mwaka 2004 walionyesha kwamba waume wa wanawake hao walifanana kwa sura na baba walezi kuliko ilivyotazamiwa. Kufanana huko hakuwezi kuelezwa kwa damu, kwani damu haikuwapo. Lakini msomaji atambue kwamba hapa malezi yamevuta, ilhali kwa Westermarck malezi yalizuia. Mambo haya mawili bado yanajadiliwa na wataalamu. Nasi hatuna haki ya kuumaliza ubishi wao kwa kuchagua neno.

JINA LILILOZALIWA KATIKA UPANDIKIZAJI

Sasa tuje kwenye kiini cha tatizo. Zile jeni ambazo panya na fulana zilichunguzwa kwa ajili yake zilipata jina lake katika kazi ya kupandikiza tishu. Mwaka 1936 Peter Gorer, huko London, aligundua alama katika damu ya panya ambayo ilihusika na kukubaliwa au kukataliwa kwa uvimbe uliopandikizwa. Mwaka 1948 yeye na George Snell, wa Marekani, walizitambua jeni zake. Jina walilopewa ulimwengu likaunganisha neno la Kiyunani la tishu na neno lenye asili ya Kilatini la kustahimiliana. Mwaka 1958 Jean Dausset, wa Ufaransa, akaeleza alama ya kwanza ya namna hiyo kwa binadamu.

Lakini maumbile hayakuziweka jeni hizi kwa ajili ya kazi ya mpasuaji. Kazi yake ya asili ilifafanuliwa na Peter Doherty na Rolf Zinkernagel mwaka 1974: protini zake huzionyesha chembe za kinga vipande vya vijidudu vilivyoingia ndani ya seli, ili mwili utambue kilicho chake na kilicho kigeni. Jina la "kupatana" limetokana na bahati ya historia tu, kwa kuwa waliozigundua walikuwa wakipandikiza tishu.

Tutazame sasa yanayotokea tukilitafsiri jina hilo neno kwa neno na kuziita "jeni za upatanifu." Tangu Novemba 2017, upandikizaji wa figo ulipofanywa kwa mara ya kwanza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, habari hizi si za vitabuni tu. Mbele ya figo, tishu za mtoaji na mpokeaji "zinapatana" jeni hizi zinapofanana. Mbele ya nadharia ya fulana, mwanamume na mwanamke "wangepatana" jeni hizo hizo zinapotofautiana. Neno moja, kwa jeni zile zile, lingekuwa na maana mbili zinazopingana. Kaka na dada ambao hospitali imewaambia kwamba wanapatana sana kwa figo, kwa maneno ya nadharia ile ndio wasiopatana kabisa.

Na tatizo haliishii hapo. Msemo "damu zao hazipatani" tayari unabeba mambo mengine mawili yasiyohusiana. La kwanza ni kundi la Rhesus, ambapo mama asiye na alama hiyo anaweza kuchukua mimba ya mtoto aliye nayo, na tiba ya kuzuia madhara yake ipo. La pili ni wazazi wawili ambao kila mmoja ni mbebaji wa seli mundu, ambapo katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuwa na ugonjwa ni 1 katika 4. Jeni ya Rhesus iko katika kromosomu ya 1, jeni za tishu katika kromosomu ya 6, na jeni inayohusika na seli mundu katika kromosomu ya 11. Ni vitu vitatu mbalimbali. Pua haiwezi kupima hata kimoja kati ya hivyo. Kijana aliyesoma kwamba mvuto wa harufu ni ishara ya "kupatana", akaacha kwenda kupimwa seli mundu kwa kuwa anampenda mchumba wake na harufu yake, atakuwa amepotoshwa na neno. Vivyo hivyo wachumba walioambiwa na jamaa kwamba hawapatani, kwa sababu tu mmoja wao ana kundi fulani la damu, huenda wakaachana bila sababu.

MAPENDEKEZO

Kwa kuzingatia hayo tunapendekeza yafuatayo, ili yajadiliwe.

Kwanza, harufu ya mtu asiyejipaka kitu iitwe "harufu asilia." Maneno kikwapa na kutuzi yabaki na maana zake za kawaida.

Pili, neno "feromoni" lichukuliwe kama lilivyo. Tunaikataa misemo kama "harufu ya mapenzi" na "kivuta wapenzi", kwa kuwa inathibitisha kwa jina jambo ambalo kwa binadamu halijathibitishwa kwa ushahidi.

Tatu, jeni tulizozieleza ziitwe "jeni za utambulisho wa tishu." Jina hili limefuata kazi ya asili, nalo linafaa hospitalini, maabarani na darasani bila kugeuka maana.

Nne, palipo na haja ya kulinganisha watu wawili, tuseme "mfanano" au "tofauti" ya jeni hizo. Mfanano mkubwa unafaa kwa figo. Kama tofauti inavuta katika mapenzi au haivuti, sentensi ndiyo iseme, si istilahi.

Tano, tutenganishe "undugu wa damu" na "undugu wa malezi." Tumeliepuka neno "ujamaa", ingawa maana yake ya awali ni hiyo hiyo, kwa sababu katika nchi yetu limekwisha kuwa jina la siasa. Jambo alilolieleza Westermarck liitwe "athari ya malezi ya pamoja."

Sita, wahudumu wa afya waliache neno kupatana katika habari za damu ya wachumba, waseme wazi: "mama hana alama ya Rhesus", au "wote wawili ni wabebaji wa seli mundu."

Wapo watakaosema kwamba kupatana ni neno la watu, nasi tunawanyang'anya. La hasha. Kupatana kubaki pale kulikozaliwa, yaani katika mapatano ya bei, ya majirani, na ya mume na mke wanaosikilizana. Huko ndiko kulikoheshimika, na huko watu hupatana kwa hiari na kwa juhudi. Tunachokataa ni kulihamishia neno la hiari katika mambo ya kromosomu ambayo hayana hiari.

HITIMISHO

Tumeona kwamba fikra kuhusu mvuto wa wachumba zimepita njia ndefu, tangu Westermarck mwaka 1891, kupitia panya wa New York na fulana za Bern, hadi mashaka ya miaka hii. Mara kwa mara lililodhaniwa kuwa sauti ya damu lilionekana kuwa na mkono wa malezi ndani yake, na lililotangazwa kwa kishindo likapunguzwa na uchunguzi uliofuata. Istilahi iliyofungamana na matokeo ya mwaka mmoja ingekwisha kuzeeka mara kadhaa katika historia hii. Istilahi iliyotaja kitu chenyewe ingali ikisimama.

Tunawaalika wasomaji, hasa walimu wa elimu ya viumbe, wakunga, madaktari na wajuzi wa lahaja za pwani na za bara, watuletee maoni yao. Huenda katika lahaja mojawapo liko neno moja la harufu ya mtu mwenyewe, lisilo na sifa wala lawama. Likipatikana, "harufu asilia" italipisha bila ubishi.